Datsun 240Z inavuja oili chini ya giaboksi: ni sili ya mbele, ni injini, au kuna jingine?

#1 Nyange (Arusha), mleta mada

Habari zenu wakuu. Ninamiliki Datsun 240Z ya mwaka 1972 yenye giaboksi ya gia tano, ambayo ilikaa miaka mingi bila kutembea kwa marehemu mjomba wangu kabla sijairudisha barabarani. Injini ni ile ile ya awali, L24 ya sentimita za ujazo 2,393, na inawaka bila usumbufu. Kinachonikera ni oili. Gari likilala, asubuhi ninakuta doa sakafuni usawa wa mahali giaboksi inapoungana na injini. Nikienda Moshi na kurudi, giaboksi yote inakuwa imelowa hadi mkiani, na hata tumbo la difu (kasha la gia za ekseli ya nyuma) linakuwa limepakwa.

Fundi wa kwanza alisema ni oili sili ya mbele ya giaboksi, yaani ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke kandokando ya shafti. Wa pili akasema ni sili ya nyuma ya krankishafti (shafti kuu ya injini). Wote wawili wanataka kuishusha giaboksi, na kila mmoja amenitajia bei yake kana kwamba mwenzake hajui kazi. Sipingi kuishusha, lakini ninataka kujua kwanza ninalipia ugonjwa gani. Je, kuna njia ya kutofautisha mambo haya mawili gari likiwa bado halijafunguliwa?

#2 MzeeSpana (Nairobi)

Karibu, ndugu Nyange, na hongera kwa gari. Fundi anayetaja jina la sili kabla hajaingia chini ya gari anapiga ramli tu, kwa hiyo usilipe chochote kwa sasa.

Anza kwa kuosha. Chukua mafuta ya taa na brashi, sugua giaboksi, sehemu ya chini ya injini, belihauzingi (kasha la klachi kati ya injini na giaboksi) na sakafu ya gari iliyo juu yake mpaka uione alumini yenyewe, kisha pangusa na uache pakauke kabisa. Baada ya hapo paka poda ya mtoto kwenye maungio yote. Endesha mwendo mfupi wa pole, usiende Moshi, rudi, panda gari kwenye stendi madhubuti (jeki peke yake haitoshi, tafadhali) na uingie na tochi. Usitafute palipolowa zaidi. Tafuta mahali palipo juu zaidi na mbele zaidi penye unyevu, kwa sababu upepo unaopita chini ya gari husukuma oili kwenda nyuma, na ukienda kasi tone moja la mbele linaweza kupaka chombo kizima. Hiyo ndiyo sababu difu lako limelowa, na haina maana kwamba difu linavuja.

#3 Kitunda (Dar es Salaam)

Ninaungana na #2 kuhusu kuosha, ila sioni haja ya safari ndefu ya uchunguzi. Oili yenyewe inajieleza. Ya injini iliyotumika ni nyeusi na nyepesi, na harufu yake ina moshi wa petroli. Ya giaboksi, ile ambayo madukani tunaiita namba tisini, ni nzito, rangi yake huwa ya asali au kahawia, na ina harufu kali ya kiberiti ambayo ukiishika haitoki mkononi hata kwa sabuni. Weka kadibodi safi usiku, asubuhi chovya kidole na unuse.

Kwa maoni yangu utakuta ni ya injini. Gari lililokaa miaka mingi bila kutembea, mpira wa sili ya nyuma ya krankishafti hukauka upande wa juu ambao haukuguswa na oili, na siku shafti inapoanza kuzunguka tena ule mdomo mgumu haushiki kitu.

#4 Rehema_Mitambo (Morogoro)

Habari. Hoja ya #3 kuhusu mpira kukauka ni sahihi, lakini inaihusu sili ya giaboksi vile vile, kwa hiyo haitusaidii kuchagua kati ya hizo mbili.

Ningependa mleta mada atuambie jambo ambalo wengi hawaliulizi: je, oili inadondoka zaidi gari likiwa limesimama au baada tu ya kutembea? Giaboksi ikiwa imetulia, oili yake hufika usawa wa tundu la kujazia, na usawa huo uko chini ya shafti ya kuingilia, yaani ile inayotoka kwenye klachi. Maana yake ni kwamba sili ya mbele, gari likiwa limesimama mahali tambarare, haina oili nyingi ya kuvujisha. Huvuja wakati gia zinaporusha oili ndani, na baada ya kuzima huendelea kudondosha masalia kwa muda mfupi. Doa linaloongezeka usiku kucha linaelekeza kwenye kitu kilicho chini ya usawa wa oili, mfano gasketi ya kifuniko cha mbele kwenye sehemu yake ya chini, ambako kifuniko hicho hufunika beringi ya shafti ya chini, au nati ya kumwagia oili, au ungio la kasha. Isipokuwa kama gari linaegeshwa pua ikiwa imeelekea bondeni. Hapo oili husogea mbele na kuifikia sili hata bila injini kuwaka.

#5 Vumbi_la_Taita (Voi)

Salaam. Watu wanakimbilia sili na kusahau kwamba giaboksi inapumua. Juu yake kuna kipumulio kidogo ambacho hutoa hewa oili inapopata joto. Kikizibwa na matope au vumbi, hewa iliyopanuka hutafuta pa kutokea, na njia rahisi kuliko zote ni kuisukuma oili kupitia mdomo wa sili. Utabadilisha sili kila mwaka na itavuja kila mwaka. Gari lililolala miaka mingi, nyigu wa udongo wanaweza kukifanya kitundu hicho nyumba yao. Kitoboe kwa waya mwembamba na upulize kabla hujafanya lingine lolote.

Isitoshe, gari hili si la kuogopa. Ni gari hili hili ambalo Shekhar Mehta alishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, likipita kwenye vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanzania. Halijaundwa kwa karatasi.

#6 Kumbukumbu_70 (Mombasa)

Marekebisho madogo kwa #5. Mwaka 1971 aliyeshinda ni Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, ndani ya 240Z. Mehta alikuwa wa pili, naye pia akiwa na 240Z. Mehta alishinda na 240Z mwaka 1973 akiwa na Lofty Drews, na siku hiyo alifungana kwa alama na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, ndipo ushindi ukapewa Mehta kwa kanuni ya kuvunja sare. Katikati, mwaka 1972, Hannu Mikkola aliwapokonya wote kwa Ford Escort.

Kuhusu kipumulio ninakubali kwamba kisafishwe kwa kuwa hakigharimu kitu. Hata hivyo nina shaka kwamba ndicho chanzo. Kipumulio kilichoziba huanza kuleta matata oili ikiwa ya moto sana, nasi tumeambiwa doa linaonekana asubuhi gari likiwa limepoa.

#7 Vumbi_la_Taita

Asante kwa marekebisho ya historia, bwana Kumbukumbu. Herrmann na Mehta wote walikula vumbi la kwetu, kwa hiyo kipumulio changu bado kinasimama.

#8 Tumbatu (Muscat)

Assalaam alaykum. Mmetaja oili mbili, nami ninaongeza kioevu cha tatu. Ubavuni mwa belihauzingi ya 240Z kuna silinda ndogo ya klachi, ile inayosukuma uma wa klachi. Mpira wake ukiisha, mafuta ya breki hupita kwenye kifuniko cha vumbi, huteremka ubavuni na kudondokea mahali pale pale ambapo mleta mada anaona doa, tena yakiwa yamechanganyika na uchafu wa zamani hivi kwamba mtu huapa ni oili.

Kuna jaribio lisilohitaji kifaa. Chukua tone la hicho kinachodondoka, liweke kwenye glasi ya maji. Oili, iwe ya injini au ya gia, huelea juu. Mafuta ya breki ya kawaida ya DOT 3 au DOT 4 huchanganyika na maji na kupotea. Kisha funua kopo la klachi kule mbele uone kama limepungua. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mafuta ya breki hula rangi, na rangi ya gari la namna hii ni ghali kuliko giaboksi yake.

#9 Nyange

Nawashukuru wote. Nimefanya mliyoshauri na ninaleta majibu, ingawa yamezidi kunichanganya.

Kopo la klachi halijapungua, na matone yote yanaelea majini, kwa hiyo hoja ya #8 tuiweke pembeni. Kipumulio kilikuwa na udongo mgumu kama alivyobashiri #5, nimekitoboa na sasa kinapitisha hewa. Baada ya kuosha na kupaka poda, nimeona mambo mawili. Kwanza, kwenye ukingo wa chini wa belihauzingi, pale inapokutana na injini, kuna mstari mwembamba wa unyevu na tone moja limening'inia kwenye kichwa cha bolti ya chini kabisa. Tone hilo lina harufu ya kiberiti bila shaka yoyote, lakini rangi yake ni nyeusi zaidi ya asali niliyoitarajia. Pili, mkiani, panapoingia kebo ya spidomita, poda imelowa duara dogo ambalo haliungani na unyevu wa mbele. Baina ya sehemu hizo mbili kasha ni kavu.

Kuhusu swali la #4: linadondoka wakati wote, ila baada ya safari ni zaidi. Uwanja wangu una mteremko, na gari hulala pua ikiwa imeelekea getini, yaani chini.

#10 Kitunda

Nyeusi, mkuu. Ulisema mwenyewe. Kiberiti kinanukia kwa sababu ukuta wa ndani wa belihauzingi umeloweshwa na oili ya zamani ya gia. Kinachodondoka sasa ni cha injini.

#11 Rehema_Mitambo

Au kinyume chake: oili ya gia inapita kwenye vumbi la klachi ndani ya belihauzingi na kutoka nyeusi. Vumbi la klachi ni jeusi, na lingefanya hata maziwa yawe hivyo. Rangi haitoi ushahidi wowote mara kioevu kinapopita mahali pale. Mteremko wa uwanja nao unaongeza uzito upande wa sili ya mbele. Ningeomba gari lilazwe pua ikiwa imeelekea juu kwa siku chache. Doa la asubuhi likipungua sana, ni giaboksi. Lisipobadilika, au likiongezeka, Kitunda atakuwa na haki ya kujivuna.

#12 MzeeSpana

Kabla hatujagawana ushindi, kuna njia ya tatu ya kufikia tone hilo hilo, nayo inatoka juu. Gasketi ya kifuniko cha valvu ikilegea upande wa nyuma, oili huteremka mgongoni mwa injini ambako huoni bila kioo, hutua juu ya belihauzingi, huizunguka na kudondokea chini katikati kama vile imetoka ndani. Nimekuta gari lililoshushwa giaboksi bure kwa sababu hiyo. Pitisha kitambaa cheupe nyuma ya injini, mahali kichwa cha silinda kinapokutana na bloku. Kikitoka safi, tuendelee.

#13 Mwana_MG (Leicester)

Salamu kutoka kwenye baridi. Mimi ninashughulika na MGB, gari la michezo la Kiingereza, na nikisoma uzi huu ninawaonea wivu. Mnajadili oili inatoka wapi. Waingereza walimaliza mjadala huo kiwandani kwa kutoboa tundu chini ya belihauzingi na kuning'iniza pini ya miguu miwili (split pin) ndani yake, pini ambayo inachezacheza ili tundu lisizibe na oili ipate njia ya kutoka isije ikalowesha klachi. Walijua itavuja, wakaiwekea mlango.

Tena nyinyi mnashusha giaboksi peke yake kutoka chini. Kwenye MGB desturi ni kutoa injini na giaboksi kwa pamoja, kwa winchi. Kwa hiyo Nyange asilalamike.

#14 Kitunda

Mwana_MG, umetoka Leicester kuja kututambia matatizo? Karibu, lakini tuachie la kwetu kwanza.

#15 Nyange

Kitambaa kimetoka safi, mzee wangu. Kwenye jaribio la mteremko, doa limepungua lakini halijaisha. Sasa ninaona tutaishusha tu. Naomba mnielekeze mambo ambayo fundi anaweza kuyaruka.

#16 MzeeSpana

Nitaandika yale ninayoona yakirukwa, si kazi yote.

Kabla ya kumwaga oili, fungua kwanza nati ya kujazia. Ikigoma kufunguka baada ya kumwaga, utakuwa na giaboksi tupu usiyoweza kuijaza. Toa mkono wa gia kutokea ndani ya gari, kisha propela (shafti inayotoka giaboksi kwenda kwenye difu). Bolti zake nne kwenye difu ziwekewe alama, na flenji mbili zipigwe mstari wa rangi ili zirudi zilivyokuwa. Ukichomoa propela mkiani kabla ya kumwaga oili, utaoga. Ekzosi, kebo ya spidomita, waya za taa ya rivasi na stata vikishatoka, tegemeza injini kwa jeki yenye ubao chini ya sampu (bakuli la oili la injini), kwa sababu ukiondoa mhimili wa nyuma wa giaboksi injini italala kurudi nyuma na kuvuta mipira ya maji na rejeta.

Jambo ambalo vijana hawalijali ni hili: giaboksi isiachwe hata dakika moja ining'inie kwa shafti yake ndani ya klachi, wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha. Uzito wote unakaa kwenye kitovu cha diski, diski inapinda, na wiki ijayo unalalamika kwamba klachi haiachii. Tumia jeki ya giaboksi, au watu wawili wenye nguvu na subira.

Ikishashuka, msifute kitu. Mwite Kitunda aangalie kwanza. Kama njia ya oili inaanzia katikati ya flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krankishafti) na kurushwa nje kwa duara, injini ndiyo inayovuja. Kama bomba linaloshika rilizi beringi (ile inayoachia klachi) limelowa na mstari unateremka kwenye kifuniko cha mbele, ni giaboksi.

#17 JuaKali_Grogan (Nairobi)

Nimekaa kimya nikisoma, sasa niongezee upande wa vipuri. Usiagize sili kwa mwaka wa gari. Magari ya mwanzo ya 240Z yalikuja na giaboksi ya aina A, baadaye ikaja ya aina B, na katika muda wa nusu karne giaboksi nyingi zimekwisha kubadilishwa bila mtu kuandika popote. Chomoa sili ya zamani bila kuiharibu uso na usome namba zilizopigwa juu yake: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Ukiwa na vipimo hivyo, duka lolote la beringi hapa Grogan au huko Gerezani litakutafutia inayolingana, hata kama muuzaji hajawahi kuliona gari lako.

Uliza pia mpira ni wa aina gani. Sili nyingi za bei nafuu ni za naitraili, ambazo zinavumilia joto la nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Za vaitoni zinakwenda hadi 200 na hazikakamai upesi. Upande wa mdomo wenye springi uelekee kwenye oili, na mdomo upakwe grisi au oili kabla ya kuingia. Kama sili ina mshale, mshale ufuate mzunguko wa shafti.

Kuhusu gasketi ya kifuniko cha mbele, ukikosa ya asili, kata kwa karatasi ya gasketi yenye unene ule ule. Silikoni nyingi ya bomba ni hatari, kwani kile kinachojibana kuelekea ndani hukatika na kuzunguka na oili. Lakini bolti ambazo matundu yake yametoboka hadi ndani zipakwe gundi ya nyuzi, la sivyo oili itapanda kwenye nyuzi zake hata kama sili ni mpya.

#18 Rehema_Mitambo

Namuunga mkono #17, na ninaongeza kwamba sili mara nyingi hulaumiwa kwa kosa la jirani yake. Kabla ya kuweka mpya, ishike shafti ya kuingilia kwa vidole uisukume juu na chini. Beringi yake ikiwa imelegea, shafti itacheza, na hakuna mdomo wa mpira unaoweza kufuata shafti inayocheza. Kisha pitisha ukucha pale sili inapogusa. Ukisikia mfereji, sili mpya itakaa kwenye mfereji ule ule, kwa hiyo ipigwe ndani kidogo au nje kidogo zaidi ili mdomo uguse chuma kipya. Mkiani ni vile vile: bushi ya pale propela inapoingia ikiliwa, sili ya nyuma haina maisha.

Duara la unyevu kwenye kebo ya spidomita ni jambo dogo lenye kuudhi. Pale kuna ringi ya mpira kwa nje na sili ndogo ndani ya mkono wa gia ya spidomita. Wengi hubadilisha ringi na kuiacha sili, kisha oili hupanda ndani ya kebo yenyewe kuelekea dashibodi.

#19 Kijana_wa_Ngong (Kajiado)

Habari wakubwa. Kwa nini ateseke kote huko? Kuna dawa za kuzuia kuvuja ambazo unamimina tu kwenye giaboksi. Binamu yangu alitumia kwenye pikapu na ikakauka.

#20 JuaKali_Grogan

Dawa hizo hufanya mpira uvimbe. Mpira uliokakamaa kidogo unaweza kulainika na kushika kwa muda. Mpira uliopasuka au uliolika haukui upya, gasketi ya karatasi haina cha kuvimba, na bushi iliyolika ni chuma. Mwulize binamu tena baada ya mvua za masika.

#21 Kijana_wa_Ngong

Alikwisha kuiuza hiyo pikapu.

#22 Tumbatu

Ndiyo maana ikakauka.

Tugusie oili ya kurudishia, kwa kuwa hapa ndipo watu huharibu giaboksi nzima ya zamani. Sinkronaiza, yaani ringi zinazolinganisha kasi ya gia kabla hazijaingia, katika giaboksi nyingi za zamani ni za shaba nyeupe. Tafuta oili ya gia ya 80W-90 iliyoandikwa GL-4. Oili ya GL-5, ambayo ndiyo imejaa madukani, ina viungo vingi zaidi vya salfa na fosforasi kwa ajili ya gia za difu, na viungo hivyo kwenye joto vinaweza kuidhuru shaba. Difu lake ndilo liwekewe GL-5.

#23 Kitunda

Hapo ninatofautiana nawe kidogo, Sheikh. Baadhi ya GL-5 za sasa zimetengenezwa zisiidhuru shaba, na nimeona giaboksi zikitembea nazo bila shida. Tatizo lake la kweli ni utelezi. Sinkronaiza inahitaji msuguano ili ishike, na oili inayoteleza mno huifanya gia ya pili ilie asubuhi. Kwa hiyo tunafika kwenye GL-4 kwa njia tofauti.

#24 Tumbatu

Almuradi tumefika. Lakini mtu anayesoma kopo dukani hawezi kujua ni GL-5 ipi iliyo salama, ndiyo maana mimi husema asiiguse.

#25 Nyange

Wakuu, giaboksi imeshuka tangu jana. Fundi alitaka kupuliza vumbi la klachi kwa kompresa, nikamzuia na tukafuta kwa kitambaa chenye maji, maana diski za zamani zilikuwa na asbesto na sijui hii iliwekwa lini.

Sili ya mbele imekuwa ngumu kabisa, nikiibonyeza kwa ukucha haibonyei, na mdomo wake una mpasuko mdogo upande wa juu. Gasketi ya kifuniko imelowa sehemu ya chini, kama alivyoshuku #4. Shafti haichezi. Wakati huo huo, nyuma ya flaiwili kuna unyevu mweusi, si mwingi, na hauna kiberiti. Fundi wangu wa pili anasema ameshinda. Wa kwanza, ambaye nilimpigia simu, anasema ameshinda yeye. Diski ya klachi ina oili upande mmoja, na fundi anapendekeza aioshe kwa petroli kisha aichome moto kidogo ili oili itoke.

#26 MzeeSpana

Diski iliyonywa oili ibadilishwe. Ukiichoma, ya juu itatoka, na iliyojificha ndani itarudi klachi ikipata joto kwenye mlima wa kwanza, nayo itaanza kutetemeka wakati wa kuondoka. Umekwisha kulipia kushusha, usibane senti kwenye kitu ambacho kitakufanya uilipie kazi hiyo tena.

Kwa kuwa flaiwili iko mbele yako, itoe na ubadilishe sili ya krankishafti pia, hata kama wenzangu hawajakubaliana ni nani mkosaji.

#27 Kumbukumbu_70

Tahadhari moja kuhusu #26. Kwenye injini za L, unyevu nyuma ya flaiwili si lazima utoke kwenye sili ya duara. Kifuniko cha beringi ya mwisho ya krankishafti kina sili zake za pembeni, mbili, zinazoziba nafasi kati yake na bloku. Zikichoka, oili hutokea pale pale, na kuzifikia inabidi kuteremsha sampu na kufungua kifuniko chenyewe. Anaweza kubadilisha sili ya duara na bado akaona unyevu.

#28 Kitunda

Na kabla ya sampu, aangalie hewa ya injini. Mjomba aliiacha muda mrefu, kwa hiyo valvu ya kunyonya moshi wa krankikesi (kasha la krankishafti) inaweza kuwa imeziba, na pistoni zikiwa zimechoka shinikizo la ndani husukuma oili nje hata kwenye sili nzima. Ni kipumulio cha Vumbi_la_Taita, ila upande wa injini.

#29 Vumbi_la_Taita

Nimesikia jina langu. Ahsante.

#30 Rehema_Mitambo

Nyange, ukisafisha kifuniko cha mbele usikwangue alumini kwa bisibisi, tumia kipande cha mbao au plastiki. Mkwaruzo mmoja unaopita upana wa gasketi ni njia ya oili. Utakapojaza, gari liwe sawa kwenye stendi nne, mimina mpaka oili ianze kuchungulia kwenye tundu la kujazia, kisha funga. Ukijaza gari likiwa limeinuliwa mbele tu, kipimo hakitakuwa sahihi.

Na sili ya zamani usiitupe. Ningependa kujua kama ule mpasuko uko upande uliokuwa juu wakati gari limelala, au shafti ilikuwa imezunguka.

#31 Nyange

Sili ninayo mkononi. Sili haizunguki na shafti, dada Rehema, imekazwa kwenye kifuniko, na mpasuko uko juu, kidogo kushoto. Namba zilizo juu yake zimefutika nusu, bado ninaweza kusoma unene tu. JuaKali_Grogan, nikipima matundu kwa kalipa nitumie kipimo cha kifuniko kwa nje na cha shafti kwa ndani?

#32 JuaKali_Grogan

Naam, hivyo hivyo. Shafti ipime mahali pasipo na mfereji, na kifuniko ukipime sehemu mbili zinazopishana, kwa sababu kikiwa kimewahi kugongwa hakitakuwa duara. Nitumie vipimo vyote vitatu, nitapita madukani kesho asubuhi. Na ukiwa na kalipa mkononi, pima pia ile ndogo ya spidomita.